Sukari Iliyo Ndani ya Makapi: Jinsi Chembe Ndogo za Metali Zinavyoigeuza Kuwa Kemikali za Thamani

Msimu wa kusaga miwa unapopamba moto, trela hupanga foleni kwenye lango la kiwanda, na nyuma ya kiwanda rundo la makapi hupanda kama kilima. Wakazi wa maeneo ya miwa wanalijua rundo hilo kwa vumbi lake wakati wa kiangazi, kwa harufu yake wakati wa mvua, na kwa moto unaozuka ndani yake mara kwa mara. Wasilolijua wengi ni kwamba ndani ya makapi hayo bado mna sukari, tena si kidogo.

Hesabu yake ni rahisi. Kila tani 100 za miwa zinazosagwa huacha takriban tani 30 za makapi, ambayo viwandani huitwa bagasi. Karibu nusu ya uzito huo ni maji. Katika tani 15 kavu zinazobaki, takriban tani 10 ni sukari iliyoungana minyororo kwa minyororo ikawa mti wa muwa. Kiasi hicho kinakaribiana na sukari ambayo kiwanda hujaza kwenye magunia kutoka kwa tani hizo hizo 100.

Somo hili linaeleza namna sukari hiyo iliyofichika inavyoweza kugeuzwa kuwa kemikali zinazouzwa, kwa msaada wa chembe za metali ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Linaeleza pia mambo yanayoifanya kazi hiyo iwe ngumu. Ni muhimu mkulima na chama cha ushirika wayajue kabla hawajaombwa kutoa ardhi, makapi au hisa zao kwa mradi wa aina hii.

Sukari ndani ya mti

Makapi ya miwa, magunzi ya mahindi, mabua na vumbi la mbao vina vitu vitatu vikuu. Cha kwanza ni selulosi, ambayo ni mnyororo mrefu wa glukosi, sukari ile ile iliyo katika damu ya binadamu. Cha pili ni hemiselulosi, ambayo katika miwa na mahindi imejengwa zaidi kwa sukari iitwayo zailosi. Cha tatu ni lignini, gundi ngumu inayoushikilia mmea usimame. Lignini si sukari.

Ng'ombe anaweza kula majani makavu ya mahindi na kunenepa kwa sababu vijidudu walio tumboni mwake hukata minyororo hiyo na kuifungua sukari. Binadamu hana vijidudu hao, na ndiyo sababu hawezi kushiba kwa kutafuna kuni. Kiwandani, minyororo hukatwa kwa asidi na mvuke wa moto, au kwa vimeng'enya. Kinachotoka ni maji matamu yenye glukosi na zailosi, na hapo ndipo kazi ya metali inapoanza.

Njia ya hamira na njia ya metali

Njia ya zamani ya kuigeuza sukari ni hamira. Anayetengeneza busaa nyumbani anaijua, na kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kilichoko Muhoroni, Kaunti ya Kisumu, huitumia kugeuza molasi kuwa spiriti. Njia hii inafanya kazi vizuri, lakini ina gharama iliyojificha. Hamira ikila kilo 180 za glukosi, hata kazi ikienda bila dosari yoyote, hutoa kilo 92 za spiriti na kilo 88 za hewa ya kaboni dioksaidi. Karibu nusu ya sukari hupaa hewani kama mapovu.

Njia ya metali huenda kinyume na hiyo. Kilo 180 za glukosi zikichanganywa na kilo 2 za hewa ya haidrojeni mbele ya metali inayofaa, hutoka kilo 182 za kitu kiitwacho sobitoli. Hakuna kinachopotea hewani. Hiyo ni hesabu ya karatasi, na kiwandani hupungua kidogo, lakini viwanda vya sobitoli hukaribia sana kiwango hicho.

Haimaanishi kwamba spiriti haina maana. Ina soko lake hospitalini, viwandani na katika mafuta ya magari. Tofauti ni kwamba njia ya metali huitunza sukari karibu yote, na kila kilo ya mzigo uliotoka shambani inabaki ndani ya bidhaa.

Kichocheo ni mshenga

Metali inayofanya kazi hiyo huitwa kichocheo. Kazi yake inafanana na ya mshenga. Mshenga huzikutanisha familia mbili, hulainisha maneno, ndoa ikafungwa, kisha akaondoka akiwa kama alivyokuja. Mwenyewe haolewi wala haoi, na kesho anaweza kwenda kushughulikia nyumba nyingine.

Vivyo hivyo, haidrojeni na glukosi zikiwekwa pamoja ndani ya tangi bila kichocheo, zitakaa siku nzima bila kufanya lolote. Haidrojeni huenda mbili mbili, zimeshikana kwa nguvu. Zikigusa uso wa nikeli au rutheni, metali huziachanisha na kuzishika moja moja. Glukosi ikitua kando yake, haidrojeni huhamia kwenye kichwa cha glukosi, na sobitoli huondoka. Nafasi juu ya metali huwa wazi tena kwa wageni wengine.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini visichemshwe tu kwa moto mkali. Jibu analo kila mpishi. Sukari ikiwekwa kwenye sufuria kavu juu ya moto mkali hugeuka rangi ya kahawia, kisha ikawa nyeusi na chungu. Mafuta ya petroli huvumilia joto la mamia ya nyuzi, lakini sukari huungua. Lazima ishughulikiwe ndani ya maji, kwa joto la nyuzi 100 hadi 150 hivi, na kwa joto hilo dogo kazi haiendi bila mshenga.

Elimu hii si ya jana. Mfaransa Paul Sabatier alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1912 kwa kuonyesha jinsi metali iliyosagwa laini inavyosaidia kuingiza haidrojeni katika vitu vitokanavyo na viumbe. Katika miaka ya 1920, mhandisi Mmarekani Murray Raney alichanganya nikeli na alumini, kisha akaiyeyusha alumini kwa magadi makali. Nikeli iliyobaki ilikuwa na matundu mengi kama sponji. Alikuwa akitafuta njia ya kugandisha mafuta ya mimea, lakini nikeli hiyo ikaja kutumika duniani kote kutengeneza sobitoli.

Kwa nini chembe ziwe ndogo

Kazi yote hufanyika juu ya uso wa metali. Iliyo ndani ya donge haikutani na sukari hata kidogo. Ni kama kuwasha moto. Gogo zima hukataa kushika, lakini likipasuliwa vijiti, linawaka mara moja. Mti ni ule ule, ila uso unaokutana na hewa umeongezeka.

Chukua kipande cha metali chenye umbo la dadu, kila upande ukiwa sentimita 1. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba, ambazo kidole gumba kinaweza kuzifunika upande mmoja baada ya mwingine. Kikatwe vipande vyenye upande wa nanomita 10. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Nyuso za vipande hivyo zikijumlishwa zinafika mita 600 za mraba. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina takriban mita 465 za mraba. Kipande kilichotosha kwenye ncha ya kidole sasa kinaweza kutandikwa juu ya ploti nzima na kubaki.

Chembe za ukubwa huo ndizo huitwa chembe nano. Udogo huo pia ni suala la pesa. Rutheni ni metali adimu na ghali sana. Ikitumika katika madonge, sehemu kubwa ingelala ndani bila kazi. Kwa hivyo chembe zake hutawanywa juu ya unga wa mkaa wenye vitundu vingi. Katika kilo 100 za kichocheo cha namna hiyo, rutheni huwa kilo chache tu, na zilizobaki ni mkaa.

Metali tofauti, bidhaa tofauti

Sukari moja inaweza kutoa bidhaa mbalimbali, kutegemea mshenga aliyetumwa.

Nikeli na rutheni huingiza haidrojeni katika glukosi na kutoa sobitoli. Mkazi anayesoma maandishi madogo kwenye dawa ya meno atalikuta jina hilo, kwa kuwa sobitoli huifanya dawa isikauke na huipa utamu. Hutumika pia katika dawa za maji za kikohozi na katika peremende za watu wenye kisukari. Tangu miaka ya 1930 imekuwa hatua ya kwanza katika kutengeneza vitamini C viwandani.

Zailosi ikitendewa hivyo hivyo hutoa zailitoli, sukari ambayo vijidudu wa meno hawawezi kuitumia kutoboa meno. Ufini ilianza kuitengeneza kwa wingi katika miaka ya 1970 kutokana na miti ya misitu yake. Siku hizi magunzi ya mahindi pia hutumika.

Zailosi ikichemshwa kwa asidi hugeuka kuwa fufurali, kioevu chenye harufu ya lozi. Fufurali ikikutana na haidrojeni juu ya shaba hutoa alkoholi ya fufurili, ambayo hutumika kutengeneza gundi ya kushikanisha mchanga wa kalibu. Ni ndani ya kalibu hizo za mchanga ambamo vyuma vilivyoyeyushwa humiminwa ili vipate umbo la pampu na vipuri vya mashine.

Dhahabu nayo ina lake. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa haifai kitu kama kichocheo, kwa kuwa haishiki kutu wala haishirikiani na vitu vingine. Katika miaka ya 1980, mwanasayansi Mjapani Masatake Haruta alionyesha kwamba dhahabu ikiwa katika chembe nano hubadilika tabia na kuwa hodari. Mbele ya chembe hizo, glukosi hupokea oksijeni ya hewani badala ya haidrojeni, na hutoka asidi ya glukoni. Chumvi ya asidi hiyo huchanganywa katika saruji ili zege lisigande upesi mno kabla ya kumwagwa. Viwandani, hata hivyo, sehemu kubwa ya asidi hiyo bado hutengenezwa kwa kuvu, kwa sababu ni nafuu.

Mahali penye ugumu

Mtu akisoma mpaka hapa anaweza kujiuliza kwa nini kilima cha makapi bado kipo. Ziko sababu nne kubwa.

Ya kwanza ni usafi wa sukari. Sobitoli nyingi duniani hutengenezwa kwa glukosi safi inayotokana na wanga wa mahindi na ngano. Maji matamu yanayotoka kwenye makapi huja na asidi, chumvi, jivu na vipande vya lignini. Salfa hata kidogo hung'ang'ania uso wa metali na kuziba nafasi zote. Wataalamu husema kichocheo kimekula sumu. Kuisafisha sukari hiyo mara nyingi hugharimu kuliko kuigeuza.

Ya pili ni uchovu wa kichocheo. Chembe nano hupenda kusogeleana na kuungana, na zikiungana uso hupungua. Nyingine humomonyoka na kuyeyuka ndani ya maji. Nikeli ina tatizo hili zaidi, na kwa kuwa si salama katika chakula, lazima ichujwe yote kabla sobitoli haijauzwa. Hii ni sababu mojawapo ya viwanda kuvutiwa na rutheni licha ya bei yake.

Ya tatu ni haidrojeni. Sehemu kubwa ya haidrojeni duniani hutengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe. Inaweza pia kupatikana kwa kuyatenganisha maji kwa umeme, na Kenya, ambayo hupata sehemu kubwa ya umeme wake kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, ilizindua mkakati wake wa haidrojeni safi mwaka 2023. Hata hivyo, gesi hii huwaka kwa urahisi sana, na katika kazi hii hutumika kwa shinikizo la makumi ya angahewa. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa takriban angahewa mbili tu. Matangi ya kazi hiyo si ya kuchomelewa kando ya barabara.

Ya nne ni kwamba makapi si takataka tupu. Viwanda vya sukari huyachoma kuchemsha maji ya mvuke unaoendesha mitambo, na vingine huzalisha umeme. Kiwanda kikiyauza makapi yote kitalazimika kutafuta kuni au mafuta, na hasara itarudi kwenye bei ya mkulima.

Mfano wa Sezela

Ugumu huo wa nne una jibu, na liko Afrika. Huko Sezela, katika pwani ya KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, kiwanda cha sukari kwa miongo kadhaa kimetengeneza fufurali na alkoholi ya fufurili kutokana na makapi ya miwa. Makapi hupitishwa kwanza kwenye mvuke ili zailosi itoke ikiwa fufurali. Mabaki, ambayo bado yana selulosi na lignini, hurudishwa kwenye tanuri na kuchomwa kama kawaida.

Mfano huo una mafunzo mawili. Mradi ulijengwa ubavuni mwa kiwanda cha sukari, ambako makapi, mvuke na maji vipo tayari, na hapakuwa na haja ya malori kubeba makapi yenye maji nusu kwa nusu hadi mbali. Pili, kiwanda kilianza na sehemu ya sukari iliyo rahisi kutoa, bila kudai kuigeuza yote kwa pamoja.

Maswali ya kuuliza katika mkutano

Chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, mradi mkubwa wa kemikali hauwezi kuanza kabla ya tathmini ya athari zake kwa mazingira kufanywa na leseni kutolewa na NEMA. Kifungu cha 69 cha Katiba nacho kinaitaka Serikali kuhimiza ushiriki wa umma katika usimamizi wa mazingira. Kwa hivyo mkazi anayehudhuria kikao cha maoni ana haki ya kuuliza, na mwenye mradi ana wajibu wa kujibu kwa lugha inayoeleweka. Maswali yafuatayo yatawasaidia wakazi na vyama vya ushirika.

1. Mradi utageuza sukari gani, glukosi au zailosi, na kuwa bidhaa gani? Jibu la jumla kama "kemikali za kisasa" halitoshi. Bidhaa iwe na jina na mnunuzi.

2. Makapi hayo yanatumiwa na nani sasa? Kama ni tanuri la kiwanda, litachoma nini baadaye? Kama ni mfugaji au mkulima wa uyoga, yeye atapata wapi?

3. Mkulima atalipwa kwa makapi au kwa miwa peke yake? Jambo hili liandikwe katika mkataba kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.

4. Kichocheo ni metali gani, na kikichoka kitapelekwa wapi? Rutheni na dhahabu zina thamani, na mwenye kiwanda atakuwa na hamu ya kuzirudisha. Nikeli, na shaba iliyochanganywa na kromi, ndizo zinazoweza kutupwa ovyo. Zikifika kwenye mito kama Nzoia au Nyando, zinaelekea Ziwa Victoria.

5. Haidrojeni itatoka wapi, itahifadhiwa umbali gani kutoka nyumbani na shuleni, na wazima moto wa kaunti wamefunzwa namna ya kuikabili?

6. Majani makavu ya shambani yataachwa au yatazolewa pia? Majani hayo hufunika udongo, huhifadhi maji na kurudisha rutuba. Shamba likipokonywa kila kitu mwaka baada ya mwaka, mavuno hushuka, na hakuna kichocheo cha kiwandani kitakachoyarejesha.

Zoezi kwa wanafunzi

Rudia hesabu ya dadu la metali la sentimita 1, safari hii likikatwa vipande vyenye upande wa nanomita 5. Jumla ya uso itakuwa mita ngapi za mraba? Linganisha jibu na robo ekari, ambayo ni takriban mita 1,012 za mraba. Kisha jadilini darasani: ikiwa chembe hizo zitaungana mbili mbili, nne nne, uso utapungua au utaongezeka, na mwenye kiwanda atapata hasara gani?